Mhandisi wa barabara akae kidogo na waendesha baiskeli

Katika miji ya Kitale na Bungoma, na katika vituo vya biashara vilivyo kati yao, ni nadra kumkuta fundi wa baiskeli akifanya kazi peke yake. Ana gogo au benchi, beseni la maji ya kutafutia pancha, pampu, na watu watatu au wanne ambao baiskeli zao zilikwisha kutengenezwa lakini bado hawajaondoka. Wanapiga gumzo. Wanamcheka mwenzao aliyeshuka na kusukuma baiskeli kwenye mlima ambao mtoto wa shule aliupanda bila kunyanyuka kitini. Wanabishana kuhusu Arsenal, bei ya gunia la mahindi, karo ya muhula ujao, na kama tairi kipara linaweza kufika mwisho wa mwezi. Kisha, bila yeyote kuona kwamba mada imebadilika, wanataja barabara: kalvati gani imezibwa na takataka, tuta gani jipya limewekwa bila rangi, ni wapi matrela huwasukuma watu nje ya lami. Naamini kwamba soga hizi ndizo ukaguzi bora zaidi wa barabara tulio nao katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, na kwamba serikali za kaunti hizo mbili zina wajibu wa kuzisikiliza, kuziandika na kuzijibu.

Mwendesha baiskeli anaijua barabara kuliko wengine kwa sababu hana kinga dhidi yake. Aliye ndani ya gari ametenganishwa na lami na springi, matairi mapana na kiti cha sponji. Shimo kwake ni mtikiso wa mara moja, na akifika mjini ameshalisahau. Kwa mwenye baiskeli, shimo lile lile humfika viganjani, kiunoni, na kwenye mtungi wa maziwa uliofungwa kwenye keria. Baiskeli ambayo wengi wanayo katika eneo hili ni ile nzito, isiyo na gia, tunayoiita Black Mamba, na breki zake za vyuma hazishiki vizuri rimu ikilowa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu mita 1,400. Anayetoka Kitale akapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye, kisha akashika barabara ya Malaba kuelekea Bungoma, anateremka kwa jumla karibu mita 500. Lakini hateremki mfululizo. Mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon imeikata nchi hii mabonde, na kila bonde lina daraja chini na mlima upande wa pili. Mwenye lori hubadilisha gia akapita. Mwenye Black Mamba iliyobeba gunia la mbolea la kilo 50 lazima ajue mapema ni wapi aanze kupunguza mwendo, ni upande gani wa daraja una mchanga, na ni wapi atashuka asukume. Maarifa hayo hayaandikwi popote. Yanapitishwa kwa mdomo, mtu akimwuliza mwenzake alikopitia, na yanasahihishwa kila mvua inaponyesha.

Fundi naye hupata zaidi ya maneno, kwa kuwa kila baiskeli anayoletewa ina alama za njia iliyopita. Uma wa mbele uliopinda kurudi nyuma, mara nyingi, ni wa mtu aliyeingia shimoni, au aliyelazimika kuacha lami mahali ambapo ukingo wake uko juu sana kuliko udongo wa kando. Spoki za gurudumu la nyuma zinapokatika moja baada ya nyingine, ni mzigo mzito umekutana na mashimo mengi yaliyofuatana. Mpira uliotobolewa na mwiba umetoka kwenye vijia vya kando ya nyua za mashamba. Uliotobolewa na uzi mwembamba wa chuma umetoka barabara kuu, kwa maana nyuzi hizo hutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka na kuachwa kando. Gololi zilizokwama kwa matope zinatoka kwenye barabara za murram ambazo mifereji yake imefukiwa, maji yakakosa pa kwenda, njia nzima ikawa tope. Raba za breki zilizokwisha kabla ya wakati wake zinaeleza mteremko. Fundi akiletewa uma tatu zilizopinda ndani ya wiki moja, na wenye baiskeli hizo hawajuani, ila wote wametaja daraja lile lile, ana habari ambayo ingeigharimu kaunti pesa nyingi kuipata kwa kuajiri kampuni ya washauri. Tena anaipata ikiwa bado mbichi, wakati tatizo lingali dogo kiasi cha kutatuliwa kwa toroli chache za kifusi na siku moja ya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo gumzo hili hulifichua na ambalo hesabu za kawaida za barabarani haziwezi kulifichua. Mtu anayetumwa kuhesabu magari na watu kwenye makutano huhesabu waliopita. Hawezi kuhesabu walioacha kupita. Kwenye kibanda cha fundi ndiko utasikia mtu akisema kwamba siku hizi hupitia kwa mashamba, ingawa njia ni ndefu zaidi, kwa kuwa alichoka kuruka mtaroni kila basi linapopiga honi nyuma yake. Utasikia mzazi aliyeuza baiskeli ya mtoto wake kwa kuogopa barabara ya kwenda shule. Mpangaji anayetazama takwimu ataona kwamba baiskeli zimepungua mahali hapo na kuamua kwamba hakuna haja ya kuwatengea waendeshaji nafasi. Uamuzi huo unageuza hofu ya watu kuwa sababu ya kuendelea kuwanyima usalama. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika upangaji wa barabara zetu, na dawa yake ya kwanza ni kumsikiliza aliyebadilisha njia.

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya hoja yangu ni kwamba enzi ya baiskeli imepita. Halipaswi kupuuzwa. Biashara ya kubeba abiria kwa baiskeli ilizaliwa karibu nasi, kwenye mipaka ya Busia na Malaba, katika miaka ya 1960 na 1970, na kwa miongo kadhaa ililisha familia nyingi za magharibi mwa Kenya. Kisha pikipiki zikaja. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini hazikufika 4,000. Kufikia mwaka 2009, baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zilikuwa zimepita 90,000 kwa mwaka. Leo abiria mwenye haraka mjini Bungoma hupanda pikipiki, na waliobaki kubeba watu kwa baiskeli ni wachache. Haya yote ni kweli. Lakini kilichopungua ni kazi moja ya baiskeli, ile ya teksi. Kazi nyingine zipo: kupeleka maziwa asubuhi, kuchukua mbolea ghalani, kupeleka mahindi kwenye kinu cha posho, mlinzi kwenda zamu ya usiku, fundi wa ujenzi kwenda kazini na vifaa vyake. Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341 katika sensa ya mwaka 2019 na Bungoma 1,670,570, na wengi wao wanaishi kwa kilimo, mbali na lami, kwa kipato ambacho hakiruhusu kulipa nauli ya pikipiki kila siku. Bei ya petroli ilipovuka Sh200 kwa lita Septemba 2023, na kufika Sh217.36 jijini Nairobi mwezi uliofuata, mwenye baiskeli ndiye aliyeendelea na safari zake kwa gharama ile ile ya jana.

Isitoshe, hata tukichukulia kwamba waendesha baiskeli ni wachache kuliko zamani, wanachokisema hakiwahusu wao peke yao. Ukingo wa lami ulioliwa na maji unamwangusha pia mhudumu wa bodaboda aliyebeba mama mjamzito. Mtaro usio na kifuniko unamngoja pia mwenye mkokoteni, na mtoto anayetoka shule jioni. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,300 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao, kama ilivyo mwaka baada ya mwaka, lilikuwa la watembea kwa miguu. Watu hawa wote wanagawana ukanda ule ule mwembamba kando ya lami, na hakuna anayeutumia kwa muda mrefu na kwa uangalifu kuliko mwenye baiskeli. Barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale hubeba malori ya kwenda Lodwar na mbele zaidi hadi Sudan Kusini. Ile ya Webuye hadi Malaba, inayopita Bungoma, ni sehemu ya njia kuu inayotoka Mombasa kwenda Uganda. Barabara ya Kitale kupitia Endebess hadi Suam, kilomita 45, nayo ilijengwa upya ili kurahisisha biashara ya mpakani. Kila barabara kati ya hizi inapoboreshwa, mwendo wa magari huongezeka, na aliye ukingoni huhitaji nafasi zaidi kuliko alivyohitaji barabara ilipokuwa mbovu.

Wapo watakaouliza: kwa nini kibanda cha fundi, ilhali sheria tayari imeweka vikao vya umma? Katiba ya 2010 inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki katika shughuli zake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku dhidi ya Wizara ya Afya, ilisisitiza kwamba ushirikishaji huo lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Vikao hivyo vina thamani, na sipendekezi vifutwe. Lakini tuangalie jinsi vinavyoendeshwa. Mara nyingi huitishwa siku ya kazi, asubuhi, katika ukumbi wa wadi au kanisa, saa zile zile ambazo mwenye baiskeli yuko njiani na mzigo. Wanaofika hupewa kitabu kinene cha bajeti kilichoandikwa kwa Kiingereza cha maafisa, chenye mafungu na namba. Kisha mmoja mmoja hupewa dakika mbili za kusema. Mtu mwenye dakika mbili kwa mwaka mzima hataomba kalvati izibuliwe. Ataomba kitu kikubwa kuliko vyote anavyoweza kuvifikiria: lami hadi nyumbani kwao, hospitali, uwanja. Hana lawama, maana hajui ni lini atapewa tena nafasi. Matokeo yake kaunti hukusanya orodha ndefu ya maombi makubwa ambayo haina pesa za kuyatimiza, na matatizo madogo, yale yanayoua, hayatajwi.

Kwenye kibanda cha fundi hali ni kinyume kabisa. Pale mtu anazungumza kila siku, kwa hiyo hana haja ya kusema yote kwa pamoja. Hakuna mgeni wa heshima wa kumpendeza, wala kamera. Anaongea na watu wanaoijua njia anayoizungumzia, na akitia chumvi watamkatiza papo hapo. Utani wenyewe unafanya kazi ya kuchuja. Anayedai kwamba aliangushwa na shimo kubwa ataulizwa ni shimo lipi, na kama halipo atachekwa hadi aende zake. Kwa hiyo kinachobaki baada ya kicheko ni habari iliyokwisha kupimwa na watu walio na sababu ya kutaka iwe sahihi, kwa sababu kesho wao ndio watakaopita hapo. Sheria haizuii kaunti kuwafuata watu huko waliko. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataja njia kadhaa za kuwashirikisha wananchi, na pamoja na mikutano ya kumbini na mbao za matangazo, kinataja pia maeneo yenyewe ya miradi ya maendeleo. Kama eneo la mradi wa barabara ni mahali halali pa kuwasikiliza watu, basi kivuli cha fundi kilicho kando ya barabara hiyo hakiwezi kuwa mahali pasipofaa.

Hata hivyo soga ni soga, atasema mtu, na kaunti haiwezi kutumia pesa za umma kwa kufuata porojo. Nakubaliana naye nusu. Hakuna anayependekeza kwamba kila lalamiko ligeuzwe kuwa mradi. Ninachosema ni kwamba malalamiko yaandikwe na yalinganishwe. Mahali pakitajwa na mtu mmoja, ni dokezo. Pakitajwa Kiminini na Misikhu na watu wasiofahamiana, katika majuma tofauti, mhandisi ana sababu ya kwenda kupatazama mwenyewe na kupapima kwa futi yake. Hivyo ndivyo daktari anavyofanya na maelezo ya mgonjwa: hayachukui kama ugonjwa wenyewe, lakini pia haanzi matibabu bila kuyasikiliza. Jambo la hatari zaidi katika pendekezo hili ni siasa. Siku afisa wa kaunti atakapoonekana mara kwa mara kwenye benchi la fundi fulani, kutakuwa na watu wa kujaza benchi hilo kwa maagizo ya diwani, na wengine watakaokuja wakitarajia nauli. Kinga ni kubadilisha vibanda bila kutangaza, kutolipa mtu yeyote chochote, na kumwuliza fundi akuonyeshe vyuma vilivyopinda pamoja na kuyasikia maneno.

Pingamizi la pesa ni rahisi zaidi kulijibu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mengi yanayosemwa vibandani ni ya bei nafuu. Kujaza udongo na kuushindilia ili ulingane na lami, kufyeka nyasi zinazoficha kona, kuzibua kalvati kabla ya mvua za Machi, kupaka tuta rangi, kuacha upenyo wa baiskeli pembeni mwa tuta, kuhamisha marundo ya kokoto ambayo mkandarasi aliyaacha kwenye njia ya watu. Mengi kati ya haya hayahitaji zabuni kubwa. Yanahitaji mtu ajue mahali hasa pa kwenda. Lakini kuna sauti nyingine, inayosema kwamba mwenye baiskeli halipii barabara, kwa kuwa ushuru wa matengenezo hutozwa kwenye mafuta na ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwezi Julai 2024. Hoja hii inasahau kuuliza ni nani anayeiharibu barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambayo bado ni msingi wa kazi ya wahandisi wa lami, yalionyesha kwamba uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya lori yenye tani 8 ina uzito mara 100 wa gurudumu la baiskeli linalobeba kilo 80. Kwa kanuni hiyo, kila inapopita huichosha lami kama mara milioni 100 zaidi. Mwenye baiskeli anapolipa VAT kwenye tairi, cheni na unga anaonunua, ameshachangia zaidi ya uharibifu wake. Na trekta la miwa linalovunja ukingo wa barabara ya mashambani huko Bungoma linamwachia yeye hasara ambayo hakuisababisha.

Kuna kundi jingine la wapenzi wa baiskeli linaloongezeka katika miji yetu, na lazima tulitaje kwa haki. Ni wale wanaoendesha kwa mazoezi na kwa furaha, wenye kofia ngumu na baiskeli za gia, wanaotoka alfajiri ya Jumamosi au Jumapili. Nao wana gumzo lao, la milima, mapigo ya moyo na nani aliachwa nyuma. Eneo letu lina kila sababu ya kujivunia mchezo huu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mara 4, alijifunza mengi akiwa kijana kutoka kwa Mkenya David Kinjah. Suleiman Kangangi wa Eldoret, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, alikuwa akiwafungulia njia vijana wa Afrika Mashariki alipofariki katika mashindano ya Vermont, Marekani, Agosti 2022. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Waendeshaji wa mazoezi wana simu zinazorekodi kila mita ya njia, wana elimu na wana marafiki ofisini, kwa hiyo ni rahisi kwa serikali kuwasikia. Wasiwasi wangu ni kwamba watasikika wao pekee. Anayepita barabara saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, bila mzigo, haijui barabara hiyo ya siku ya soko, imejaa matatu, mbuzi na malori. Makundi haya mawili yakikaa pamoja, rekodi za simu za mmoja na kumbukumbu za mwingine zitakuwa na nguvu ambayo hakuna mmoja wao anayo peke yake. Fundi, kwa bahati nzuri, anawahudumia wote.

Kasoro moja ya pendekezo langu siwezi kuipunguza uzito: kibanda cha fundi ni mahali pa wanaume. Wanawake huleta baiskeli ikatengenezwa na kuondoka, au humtuma kijana. Kaunti ikisikiliza hapo tu, itajifunza nusu ya barabara. Mwanamke anayetembea na ndoo, au aliyebebwa kwenye keria na mtoto mgongoni, au msichana anayeendesha kwenda shule ya sekondari akiwa na sketi, anakutana na vitisho ambavyo mwanamume wa benchini havioni: kichaka kirefu mahali pasipo na nyumba, vijana wanaomzingira darajani, giza la saa moja usiku. Nchini Zambia, utafiti uliofanywa miongoni mwa wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli ulionyesha kwamba muda wa safari ya kwenda shule ulipungua kwa asilimia 35 na utoro kwa asilimia 27. Faida ya aina hiyo inawezekana Trans Nzoia na Bungoma pia, lakini msichana hataendesha baiskeli kwenye njia ambayo mama yake anaiogopa. Ndiyo maana afisa wa kaunti anayetumwa kusikiliza lazima aende pia kwenye kinu cha posho, kwenye soko kama la Chwele, na kwenye lango la shule jioni, na ikiwezekana msikilizaji mwenyewe awe mwanamke.

Suala la mamlaka nalo litaletwa kama kisingizio. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti na kuiachia serikali ya kitaifa barabara kuu, ambazo husimamiwa na mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Mwenye baiskeli hupita zote mbili katika safari moja, na hajui mpaka huo unapoanzia, wala hapaswi kuujua. Kaunti ikiambiwa kuhusu ukingo mbovu kwenye barabara ya Webuye, isijibu kwamba hilo si lake. Iandike barua, iambatanishe orodha ya mahali palipotajwa na mara ngapi, na iwape walioleta habari nakala ya barua hiyo.

Ratiba ya kufanya haya tayari ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kila kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya Februari 28. Julai na Januari, basi, ndiyo miezi ya kukaa vibandani. Mhandisi mmoja na karani mmoja, kwa siku za soko chache katika kila wadi, wakiwa na daftari, futi na ramani, wanatosha kuanza. Wasiende na hotuba. Waketi, wangoje mazungumzo yafike kwenye barabara, kwa maana yatafika, kisha waandike mahali, tatizo, na idadi ya walioutaja ubovu huo. Mpango ukishapitishwa, warudi kwenye benchi lile lile na karatasi moja ya Kiswahili, waibandike kwenye nguzo ya kibanda: daraja hili litarekebishwa mwezi fulani, kalvati hii imeshazibuliwa, ukingo huu umepelekwa KeNHA kwa barua ya tarehe fulani, ombi hili limekataliwa kwa sababu hii. Kukataliwa kwa sababu iliyoandikwa ni jambo ambalo waendesha baiskeli wa Kiminini au Kanduyi wanaweza kulijadili, kulipinga kwa ushahidi wa uma nyingine iliyopinda, na kulirudisha mezani kabla ya Februari.